Jaribio la Saba

Chumba cha Mashine,
Ghorofa ya pili, juu ya maabara,
Kliniki yetu ile ile.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba.

Mpendwa Kaka Nukta,

Shikamoo kaka. Hujambo huko? Unakula vizuri? Kile kifua chako kimepona, au bado kinakukohoza kila asubuhi? Nauliza yote kwa mkupuo kwa sababu miezi sita nimeuliza moja moja na hukujibu hata moja, sasa nimeona nikumwagie gunia zima.

Sisi hatujambo. Mama anakula, analala, na jana amegombana na muuza maji mpaka yule bwana akampa ndoo ya bure ili anyamaze. Unamjua mama yako, siku akiacha kugomba ndiyo tukimbilie daktari. Jicho lake la kulia limetibiwa na linaona hadi tundu la sindano. La kushoto ndilo lile unalolijua, halijabadilika, na halitabadilika.

Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo, na sababu utaiona ukishuka chini. Nakuomba usome mpaka mwisho. Nimekuandikia kwenye karatasi makusudi. Simu hupokei, na barua pepe nakufahamu, utasoma mstari wa kwanza kisha uifunge. Karatasi haina pa kubofya.

Kwanza nikugombeze, maana mwenye haki ya kukugombeza yuko mbali na simu. Yule mwenzako wa chumba ameniambia umeacha kazi ya kompyuta tangu Juni, na sasa unapanga maboksi kwenye bohari la viatu. Sina ugomvi na viatu, kaka, hata mimi navaa. Lakini wewe! Wewe uliyenifundisha Perl, lugha ya kuandikia programu, kwa kunichorea na mkaa kwenye ukuta wa jiko mpaka Mama akatufukuza kwa ufagio! Uliyeitwa Nukta kwa sababu hukuwahi kusahau nukta hata moja mwisho wa mstari! Leo unasoma namba za viatu, arobaini na mbili, arobaini na tatu. Haya, nimemaliza kugombeza.

Mwezi uliopita nilifungua CPAN, lile ghala kubwa ambamo watu wa Perl huweka moduli zao, kila anayetaka achukue bure aunge kwenye programu yake. Nikaenda kwenye ukurasa wa Kumbusha, nyongeza yako uliyoitunga miaka minane iliyopita kwa ajili ya daftari la miadi la kliniki yetu, ili siku moja kabla ya miadi mgonjwa apate ujumbe kwenye simu. Juu kabisa umeandika: "Mwandishi hawezi tena kuitunza. Anayeitaka aichukue." Basi tu. Hata salamu hakuna. Nililia hapo hapo kwenye kiti, mtu wa maabara akadhani nimepata majibu mabaya.

Najua kwa nini umeiacha. Mama alikuwa na miadi ya jicho katikati ya Machi, ya kuchomwa kwa mwanga wa leza. Tarehe ilipangwa miezi minne kabla, kadi yenyewe hawezi kuisoma, na kila aliyemuuliza alijibiwa, "Mwanangu wa kompyuta atanikumbusha." Nami sikujisumbua kuiandika popote, maana nilijua ujumbe utakuja. Haukuja. Wiki tatu baadaye ndipo alipokuja mwenyewe, anasema anaona kama pazia limeshushwa upande mmoja. Daktari akasema angekuja siku ile, jicho lingeokolewa.

Kisha bosi wangu, ambaye wote humu tunamwita Bwana Utaratibu, akakuandikia ile barua ya Aprili kuuliza kama moduli yako ina kasoro. Ukajibu kwamba kasoro ipo, kuna mstari unaokata sifuri ya mwanzo wa namba ya simu, ukatuma toleo lililorekebishwa. Chini yake, kwa ajili yangu mimi tu, ukaongeza: "Nimempofusha mama yangu mwenyewe." Tangu siku hiyo kimya.

Kaka, hukumpofusha wewe. Ni mimi.

Nimeuandika mstari huo mara nne na kuchana karatasi mara tatu. Sasa acha nikueleze yote, usiruke hata kidogo, wala usinitetee kabla sijamaliza.

Ijumaa ya mwisho ya Februari nilikuwa nasasisha nyongeza zote za lile daftari kwa pamoja, kwenye mashine ile ile inayofanya kazi. Ndiyo, najua. Ulinikataza mara mia. Lakini unajua jina langu la nyumbani, na Mama hakuniita Kiherehere bure. Jioni ilikuwa imefika, mlinzi yuko mlangoni anatikisa funguo, na mimi nataka niondoke nikiwa nimemaliza. Nyongeza zikaingia moja baada ya nyingine, ile ya kuingilia kwa nenosiri, ile ya kuchapa kadi, ile ya kupanga foleni ya jumbe. Ilipofika Kumbusha, mashine ikagoma. Kati ya majaribio yako thelathini na mawili, yale ambayo mashine huyapitia kabla ya kuikubali moduli, moja limeshindwa.

Sikusoma lipi. Nilisema, aah, majaribio ya Kaka yana udhia kama mwenyewe. Nikaandika ile amri ya kulazimisha, nikabonyeza, ikaingia. Nikazima taa nikaenda zangu.

Toleo lako la Aprili nalo nililiweka bila kulijaribu kabisa, kwa sababu nilishaonja njia ya mkato nikaona haina miiba. Huko kwako ulikuwa na toleo la zamani la ile nyongeza ya foleni, majaribio yote yakapita, ukaona kosa lazima liwe limejificha mahali fulani kwenye maandishi yako. Ukalitafuta mpaka ukajitengenezea moja. Umekiri kosa usilolitenda, kaka, ukarekebisha kitu ambacho hakikuharibika, na mimi niliyeharibu nikakushukuru kwa barua pepe. Nilikushukuru! Nikikumbuka, uso unaniwaka.

Wiki tatu zilizopita tuliletewa seva mpya, na Bwana Utaratibu akaniambia nisakinishe kila kitu upya, taratibu, yeye amekaa pembeni na chai yake. Kwa kuwa ananitazama, nikayaacha majaribio yaende yenyewe. Lilipofika la saba likatoka jekundu. Unakumbuka ulilipa jina gani? Nakunukulia: "Mama na fundi cherehani, simu moja, wote wawili wapate."

Nikafungua faili. Ulikuwa umeweka wagonjwa wawili wa majaribio, Mama na jirani yetu fundi cherehani, wenye miadi siku moja na namba moja ya simu, kwa sababu Mama hajawahi kuwa na simu yake na jumbe zake zote hupitia kwa fundi. Na juu yake umeandika maelezo mafupi: "Mama anatumia simu ya fundi. Asisahaulike." Miaka minane iliyopita, kaka. Uliliona shimo kabla mtu hajatumbukia, ukaweka na kigogo juu yake. Mimi nikakiondoa kigogo ili niwahi nyumbani.

Ile nyongeza ya foleni ilibadilika kwenye toleo jipya. Ikiona jumbe mbili zinakwenda namba moja siku moja, inadhani ni ujumbe uleule umejirudia, inatuma mmoja na kutupa wa pili. Walioitunga hawana kosa, waliandika wazi kwenye faili la mabadiliko, mstari wa tatu. Nani alisoma? Na katikati ya Machi, siku ile ile ya Mama, fundi alikuwa na miadi ya jino. Yeye akapata ujumbe wake. Jino liling'olewa, jicho likapotea.

Sasa nikuambie baya zaidi, maana nimeahidi yote. Tangu Aprili kuna kitu kilikuwa kinaninong'oneza. Nilikumbuka ile Ijumaa. Nilikuwa naweza kwenda kutazama, kazi ya dakika kumi, na sikwenda. Niliogopa nitakachokikuta. Na hata baada ya kukikuta nilikaa nacho wiki mbili nzima, kimenikwama kama mwiba wa samaki, chakula hakipiti. Ndiyo sababu ya kukonda.

Jumatatu ya wiki iliyopita nikamfuata Bwana Utaratibu. Nilitegemea radi. Akavua miwani, akaifuta na tai, akauliza swali moja tu: "Kuna wengine?" Aibu ilinishika, kwa sababu mimi nilikuwa nimekuja kujililia na yeye akawaza wagonjwa. Tukakaa naye siku nzima kupekua daftari. Tulipata watu tisa walioshirikiana simu na kuwa na miadi siku moja tangu Februari. Saba walikuja wenyewe bila ujumbe. Wawili hawakuja. Nilikwenda kwao kwa miguu, mmoja baada ya mwingine, nikawaomba radhi mlangoni, na wote wameshaonwa na daktari, hawana baya. Mmoja alinipa kiti na uji.

Foleni nimeirudisha kwenye toleo la zamani kwa sasa. Barua ya onyo nimepewa, iko kwenye faili langu, na nimeisaini bila kupepesa. Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nyingine ya mkono wake. Anakuomba radhi kwa ile ya Aprili. Mwandiko wake kama mguu wa kuku, lakini maneno ni ya kiungwana.

Alhamisi ikawa zamu ya Mama. Nilimkuta kibandani kwa fundi, amekaa kwenye kile kigoda cha dirishani, anakata nyuzi za mashati ya shule kwa jicho lake moja. Nilikuwa nimejipangia hotuba, ikapotea yote. Nikaanza kumweleza moduli, foleni, toleo, akanitazama kama ninayeuza dawa ya mende.

Fundi ndiye aliyeniokoa. Nilipoona zipu na kola zilizorundikwa mezani, nikamwambia Mama hivi: daftari letu ni gauni. Mwili wa gauni tumeshona wenyewe, lakini zipu, vifungo na mikono tunachukua kwa watu wengine waliokwisha kuvishona vizuri na kuviweka ghalani bure. Kila kipande kikija kina karatasi ya vipimo, ya kukijaribisha kabla mteja hajavaa. Kaka alishona mkono, akaandika vipimo vyake vyema. Mimi nikabandika zipu mpya, mkono ukavuta, karatasi ikaniambia unavuta, na mimi nikamvisha mteja hivyo hivyo.

Fundi akasimamisha cherehani. "Hukujaribisha?" aliuliza, na kwa sauti yake ungedhani nimeiba kanisani. Mama aliendelea kukata nyuzi mpaka shati likaisha, akalikunja, akainuka, akaondoka. Siku mbili hakunisemesha. Nilimpelekea maembe, akayapokea kwa kupitia mtoto wa jirani. Nilistahili, na sikulalamika, ila niliumia kaka, niliumia sana.

Jumapili akatuma niitwe. Nikamkuta amekaa kitandani, ameshika ile kadi yake ya kliniki ya zamani. Akaniuliza kama ni kweli Nukta naye anasema ni yeye aliyeharibu. Nikamwambia ni kweli, ndiyo maana hapokei simu, na ndiyo maana yuko kwenye viatu. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Jicho ni langu," akasema. "Mbona mnaligombania kama urithi, na mimi mwenyewe bado nipo?"

Nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, kamasi zinanitoka kama mtoto. Akanirushia kanga nijifute. Akasema kosa langu amelisikia na limemuuma, na hataki kudanganya kwamba halikumuuma, lakini hatanizaa tena ili anilee vizuri zaidi, kwa hiyo yameisha. Kisha akataka nimsomee kilichoandikwa kwenye jaribio la saba. Nikamsomea, pamoja na yale maelezo yako ya juu. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Nitakuambia alichosema, lakini mwisho, maana nimeagizwa nikiandike kama kilivyo na nataka uondoke nacho.

Kwanza hili. Usiigawe Kumbusha. Nimeona kwenye ukurasa wako watu watatu wameshaulizia. Mmoja anaitumia kwenye maktaba kukumbusha watu warudishe vitabu, na mwingine ana shule ya udereva. Watu wema, sina shaka. Nami nilitamani kuinua mkono, lakini tuambizane ukweli, mimi sina subira ya kuwa mama wa moduli. Ninaweza kuwa yaya wake. Dawa ya kudumu ya lile tatizo ni mistari miwili tu, ya kuiambia foleni itambue ujumbe kwa mgonjwa na siyo kwa namba ya simu. Nimeiandika, nakuambatanishia ukurasa wa pili. Kwenye mashine ya pembeni, siyo ile ya kazi, nimeijaribu na foleni mpya. Majaribio thelathini na mawili, nimekaa nikayatazama yote kwa macho yangu, moja moja, mikono nimeikalia. La saba limepita.

Lakini sijaiweka popote. Ufunguo wa CPAN uko kwako, na nataka uisome wewe kwanza, uitie makosa, uniambie nimesahau nukta. Ukikuta nimesahau nukta nitafurahi kuliko ukinisifu.

Sikulazimishi kurudi kwenye kompyuta kama viatu vimekupenda. Nakuomba tu usikimbie kwa kosa ambalo si lako. Beba makosa yako mwenyewe, najua unayo, kama lile la kunifungia kabatini nilipokuwa na miaka mitano. Hili nirudishie, ni la kwangu.

Na mimi nakuomba radhi. Si kwa jicho tu, hilo nimemwomba mwenye jicho. Nakuomba radhi kwa miezi sita niliyokuacha ujilaumu peke yako huko ugenini, huna hata wa kukupikia chai, wakati ukweli ulikuwa umekaa kwenye mashine yangu unanisubiri niufungue. Ukinikasirikia siku mbili kama Mama nitavumilia. Ukizidisha wiki nitakuja huko huko bohari nikukorogee maboksi.

Shangazi anakusalimia, anauliza umeoa au bado, na anasema usijibu kwa mzaha. Fundi cherehani anakusalimia sana na amekushonea shati, ametumia vipimo vyako vya zamani, akisema ukifika atakujaribisha kwanza, huku ananiangalia mimi. Mlinzi wetu naye anakusalimia, hakujui lakini amesikia habari zako. Tangu nimsimulie ile Ijumaa, hatikisi tena funguo.

Mungu akulinde mchana na usiku, akuondolee huo mzigo uliojitwika, akurudishie mikono yako kwenye kazi yake na sauti yako kwenye nyumba yetu.

Haya, nimefika kwenye agizo. Nilipomaliza kusoma mara ya pili, Mama aliniuliza, "Kwa hiyo kila mnapoijaribu hiyo mashine, inauliza kama mimi nimekumbukwa?"

Nikamwambia ndiyo Mama, kila mara, miaka minane.

Akafuta lile jicho la kushoto, maana halioni lakini machozi bado linayajua.

"Basi mwandikie," akasema. "Mashine imenikumbuka vya kutosha. Sasa zamu yake."

Simu ya fundi ni ile ile, namba unaijua kwa moyo, uliiandika mwenyewe kwenye jaribio la saba. Kila Jumamosi saa nne asubuhi Mama atakuwa pale kwenye kigoda cha dirishani, amejifunga kitambaa kipya, simu ameishika mkononi. Hakuna aliyempangia, na siku hiyo hahitaji kukumbushwa.

Mdogo wako akupendaye hata ukinyamaza,
Kiherehere.